Kapu la Vivuli Lafika Gesima

Gesima
7 Februari 1971

Walter, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, nami nikiwa ndiyo nyumba nzima tangu tumzike mume wangu Machogu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto. Mvua imekawia na majani ya chai yamekuwa magumu, lakini sisi Wasabato tunaoilima chai bila kuinywa hatuna haki ya kulalamika sana. Baba yako kule Keumbu amenunua baiskeli ya pili. Ya kwanza bado hajajua kuisimamisha bila kushuka shimoni.

Tuendelee kuandikiana kwa Kiswahili kama tulivyopatana. Barua zote hupitia sanduku la kanisa, na shemeji yangu Mzee Nyangau, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na ndiye mwenye funguo, huzifungua zote kwa bahati mbaya. Kiswahili chake kinakwisha baada ya habari ya asubuhi. Mimi changu nilikichuma pamoja na majani ya chai kule Kericho, na ninashukuru.

Sasa neno lenyewe. Kuna jarida limefika hapa kutoka Nairobi. Mimi sijalisoma wala sina haja nalo, unajua msimamo wangu tangu nilipokichoma kile kitabu cha mizimu ulichokificha chini ya godoro. Lakini Mwalimu Andrew hulibeba hadi kituo cha kuuzia majani, na wakati tunangoja lori huwasomea watu, akigeuza kila mstari kuwa Kigusii papo hapo. Kuna hadithi inaitwa “Kapu la Vivuli.” Mama mmoja anachuma majani, kapu lake halijai, na kila anayemsalimu anaondoka bila kivuli, kisha anaanza kudhoofika. Chini imeandikwa W. Onsongo. Nilidhani ni Onsongo mwingine, asiye na kazi.

Kama ni wewe, basi ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa tatu kutoka chini, neno “kivuli” limechapishwa mara mbili. Niliambiwa.

Shangazi yako,
Drusilla Mong'ina


Nairobi
24 Februari 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia u mzima, na goti nalo lisalimie. Huku kiwandani tunachapisha madaftari ya shule mchana kutwa, na mimi bado ndiye mpanga herufi, vidole vyeusi kuliko vya mchoma makaa. Mke wangu Tryphosa anakusalimu. Anasema nikimsomea ukurasa mmoja zaidi kabla ya chakula atarudi kwao Magwagwa.

Ndiyo, Shangazi, ni mimi. Jarida hilo linachapishwa hapa hapa kiwandani kwetu. Kwa miaka mitatu nilipanga herufi za hadithi za watu wengine, mapenzi tupu, mpaka siku moja nikampelekea mhariri yangu. Ina sehemu tatu. Unajua ugonjwa wangu. Wengine wanapenda pombe, mimi napenda kuogopa. Tangu darasa la tatu nimesoma kila kitu chenye kaburi, na vitabu vilipokwisha nikaanza kuandika vyangu nyuma ya daftari la hesabu. Hofu ya kitabuni ina raha moja, unaweza kuifunga ukaenda kula.

Nitakupa siri. Mwanzoni huyo mama alikuwa wewe: mrefu, mkono wa kushoto ulioungua, ile sauti yako ya kuimba wimbo wa kanisa chini chini ukichuma. Nikaona si adabu. Kwa hiyo nikakufupisha, nikakutia chongo, nikakupa mbuzi mweusi wa kukufuata kila mahali, nikakuhamishia ng'ambo ya kijito penye mikaratusi. Jina la Gesima nikaliacha, maana nilitaka watu wa nyumbani wajivune. Nimekuficha vizuri hata mama yako mzazi asingekutambua.

Je, watu waliogopa? Niambie waliogopa sehemu gani.

Wako mtiifu,
Walter


Gesima
14 Machi 1971

Walter,

Salamu. Mvua imeanza. Ndizi zimeangushwa na upepo, lakini si za kuhesabu. Tryphosa mwambie asirudi Magwagwa, hadithi zikimchosha azibe masikio.

Watu waliogopa sehemu zote. Sasa sikiliza. Ng'ambo ya kijito, penye mikaratusi, anakaa mjane anaitwa Bitutu. Alihamia hapo mwaka wa 1966, wewe ukiwa umeshaondoka. Ni mfupi. Jicho moja lina ukungu mweupe. Ana mbuzi mweusi aliyemlea kwa mkono baada ya mama wa mbuzi huyo kufa, naye humfuata mpaka kanisani na kumngoja mlangoni.

Andrew alipofika kwenye mbuzi, watu wote kituoni waligeuka kwa pamoja. Bitutu alikuwa kwenye foleni na kapu lake. Yeye hajui kusoma, wala hakuwa akisikiliza, alikuwa anatoa mabua kwenye majani yake. Akainua uso akatabasamu, akidhani wanamsalimu. Hakuna aliyeitikia.

Mimi nilimwambia Andrew, “Mwalimu, si ungewaambia watu hii ni hadithi tu?” Akanijibu, “Mama, mimi nasoma vile imeandikwa. Hiyo neno ‘hadithi’ kwa Kigusii nimesema ‘habari.’ Si ni karibu?” Huyo ndiye anayefundisha watoto wetu. Na watu wa hapa, Walter, maisha yao yote hawajawahi kuona karatasi iliyopigwa chapa ikileta mzaha. Wameona Biblia, hati za mashamba na barua za chifu. Kama Nairobi wamejua habari za Bitutu mpaka rangi ya mbuzi, basi serikali nayo inajua. Ndivyo wanavyosema.

Sasa karani wa mizani anapima majani ya kila mtu kwanza, ya Bitutu mwisho, tena kwa kapu lake mwenyewe, lisigusane na mengine. Akipita njiani watu wanasimama kwenye vichaka ili jua lisiwapate.

Nina swali moja. Ulipokuja kumzika Machogu, Desemba 1969, ulikaa siku nne. Je, ulimwona huyo mama?

Shangazi


Nairobi
1 Aprili 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni na upepo. Huku kwetu jirani amenunua redio na sasa mtaa mzima tunajua ana redio.

Barua yako nimeisoma kituo cha basi nikacheka mpaka watu wakanihama, kisha nikaisoma nyumbani sikucheka. Lakini Shangazi, tusikuze mambo. Juu ya ukurasa neno HADITHI limepangwa kwa herufi kubwa, nililipanga kwa mkono wangu. Mwandishi hawezi kulaumiwa kwa tafsiri ya Andrew. Kenya hii ina wajane wafupi wangapi? Na mbuzi weusi je? Ningempa kondoo mweupe, angetokea mama mwenye kondoo mweupe huko Nyansiongo. Ni bahati mbaya tu, itapita. Watu watapata la kuzungumza lingine.

Sehemu ya pili imependwa sana hapa. Mhariri amesema nina mkono wa pekee. Sijui kama kule mmeshaipata, ile anapokausha vivuli kwenye uchaga.

Nimekutumia kitambaa cha kichwa kwa mkono wa mtu wa Keumbu.

Wako,
Walter


Gesima
18 Aprili 1971

Walter,

Kitambaa kimefika, ni kizuri. Umejibu yote isipokuwa nililokuuliza.

Sehemu ya pili tumeipata. Siku tatu baada ya kusomwa, mtoto wa mkulima mwenzetu Mogaka alishikwa na surua. Mwaka huu surua imeshika watoto kumi na wawili katika kata hii, lakini huyu ndiye aliyekuwa amepokea embe kutoka kwa Bitutu. Mogaka alimtoa mtoto uani, akamzungusha huku na huku akitafuta kivuli. Kulikuwa na mawingu, Walter. Hakukiona.

Sasa paa la Bitutu linapigwa mawe mchana kweupe. Migomba yake imekatwa. Nilimsikia Mogaka mwenyewe kituoni akisema, “Hii kitu inaishia kwa moto. Tunangoja tu sehemu ya tatu, tuone gazeti inasema wanaishi wapi hao wenzake.” Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga siku ya kupalilia. Wanangoja umalize hadithi ndipo wamchome ndani ya nyumba yake.

Bitutu hajui kosa lake. Amemuuliza Nyamusi, muuza chumvi, kama mwili wake unanuka.

Fanya kitu.

Drusilla


Nairobi
3 Mei 1971

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, sote tu wazima.

Nilikwenda kwa mhariri kumwomba abadilishe mwisho. Alinisikiliza, akafurahi. Akasema, “Kijiji kizima? Hii ni sifa ambayo mwandishi hulipwa mara moja maishani.” Akakataa. Katika sehemu ya tatu kama nilivyoiandika, wanakijiji wanazingira nyumba ya yule mama na kuiwasha moto, na vivuli vinarudi kwa wenyewe. Nilikuwa najivunia mwisho huo. 

Basi nimefanya jambo ambalo mpanga herufi hafanyi. Prufu, ile karatasi ya majaribio, ilipokwisha kusomwa na kutiwa sahihi, nilibaki kiwandani saa ya chakula, nikafungua fremu inayoshika herufi na kuvunja ukurasa na nusu. Nikaupanga upya kutoka kichwani, bila karatasi. Sasa mama mwenye chongo hana hatia yoyote. Kapu lake halijai kwa sababu lina tundu. Vivuli vilikuwa vinachukuliwa na mzee wa kanisa mwenye funguo, anavihifadhi ndani ya kabati la sadaka. Nilitafuta mtu ambaye hakuna anayeweza kumchoma. Jarida litafika kwenu mwisho wa mwezi.

Usimwambie mtu.

Walter


Gesima
6 Juni 1971

Walter,

Barua yako ya Mei ilinifikia jana. Mzee Nyangau alikaa nayo wiki nne akitafuta mtu wa kumfasiria bila aibu, akamkosa. Kwa hiyo jarida lilifika kabla ya onyo lako, na mimi nilikuwa nimesimama kituoni na kapu langu kama mjinga mwingine yeyote.

Andrew alianza vizuri. Alipofika kwenye tundu la kapu watu walinung'unika, hawakulipenda. Alipofika kwa mzee wa kanisa mwenye funguo, sauti yake ikapungua, akakohoa, akasema nuru haitoshi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Watu wakamshurutisha. Akamaliza.

Nimeishi miaka hamsini na minane sijaona foleni ikitulia vile. Jumamosi Nyangau alisimama mimbarani na watu wote wakawa wanaangalia sakafu nyuma yake, wakitafuta. Mke wa Mogaka alikataa kutoa sadaka mpaka kabati lifunguliwe. Likafunguliwa. Kulikuwa na vitabu vya nyimbo vya zamani na chupa ya dawa ya mgongo.

Jioni ile ile Nyangau akaja kwangu, jasho linamtoka. “Mke wa ndugu yangu,” akasema, “hivi gazeti inaweza kusema uongo?” Nikamjibu kwamba inawezekana. “Hata ikiwa imepigwa chapa?” Nikasema hata hivyo. Akakaa kitako, akasema hilo ni jambo zito na kanisa lazima lifundishwe. Miezi miwili mawe yanalia juu ya paa la Bitutu na hilo halikuwa zito.

Lakini usishangilie. Mogaka na wenzake sasa wanasema Bitutu na Nyangau wanashirikiana, yeye anachuma, mzee anatunza. Nyangau ana ndugu saba wa kumlinda. Bitutu ana mbuzi. Wameshamaliza kusubiri, Walter, hakuna sehemu ya nne. Kwa sasa kinachowazuia ni mvua peke yake.

Nakuuliza mara ya mwisho kama ulimwona.

Drusilla


Nairobi
21 Juni 1971

Shangazi,

Nilimwona.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mazishi. Nilitoka kutembea kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa vilio, nikavuka kijito. Alikuwa anafunga kuni. Mbuzi akanijia akanusa vidole vyangu, wino ule. Mama akacheka, akasema mbuzi wake ni mwerevu, anajua watu waliosoma. Aliniuliza kama mimi ni wa msibani, nikasema ndiyo. Akanipa ndizi mbili, moja akaimenya kabisa akaniwekea mkononi, akaniambia, “Kula, kilio inamaliza mtu.” Sikumuuliza jina. Wakati nakula nilikuwa naliangalia lile jicho, na moyoni nilikuwa nafurahi, Shangazi, nilikuwa nasema: nimelipata. Kila kitu nilichokueleza kuhusu kukuficha ni uongo. Sikukuficha wewe, nilimwiba yeye. Naona haya hata kuandika.

Kiwandani wamegundua fremu niliyoivunja. Nimeachishwa kazi, na mhariri amesema jina langu halitaonekana tena kwake. Tryphosa ameuliza sasa nitamsomea nini, kisha akalia.

Naweza kuja nisimame mbele yao. Lakini nao watasema mwandishi ameletwa ili akanushe, na unajua hivyo. Kuna mtu mmoja tu ambaye wangemwamini. Nani alinisimulia juu ya mwanamke anayekausha vivuli kwenye uchaga, tukipukuchua mahindi, mimi nikiwa na miaka sita? Sikuitunga mimi. Hata tundu la kapu ni lako, lilikuwa kwenye hadithi nyingine. Kitabu changu ulikichoma, ndiyo, lakini ulikuwa umeshakisoma, maana kesho yake ulinisimulia mwisho wake.

Najua u shemasi. Najua ninaomba nini.

Walter


Gesima
25 Julai 1971

Mwanangu Walter,

Salamu. Goti linaendelea. Baba yako ameuza baiskeli zote mbili. Pole kwa kazi. Nimelia kwa ajili yako na kwa ajili ya Tryphosa, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena.

Kwanza hili. Ndiyo, nilikisoma. Nimesoma pia kila sehemu ya “Kapu,” mara tatu tatu, nimekaa katikati ya migomba na jarida ndani ya kitabu cha nyimbo. Andrew huniachia kabla ya kuwasomea wengine. Napenda mambo hayo tangu nikiwa msichana, sijui kwa nini, na nilikuwa naona haya. Miezi yote hii nilikaa kimya kwa sababu ya cheo cha shemasi na utepe wake. Nilikuwa nakuhimiza wewe ufanye kitu.

Sabato ya tarehe kumi Julai niliomba nafasi ya ushuhuda. Nyangau akanipa haraka, bado ana hofu ya kabati. Nikasimama nikasema hadithi ile ni yangu, nilimsimulia Walter akiwa mtoto ili asikimbie kazi ya mahindi. Mogaka akapaza sauti, “Mama shemasi, unaficha omorogi!” Ndivyo tunavyomwita mchawi, usijifanye umesahau.

Nikamwambia, “Haya, Mogaka, nitajie mtu yeyote hapa ndani.” Akasema Andrew. Basi nikaanza pale pale. Nikasimulia jinsi Mwalimu Andrew anavyokusanya sauti za watoto kwenye kopo la chaki, na kwa nini darasa lake huwa kimya hivyo, na kwa nini chaki zake hazikwishi. Niliifanya vizuri, Walter. Nilishusha sauti mahali pake. Wamama wakawaziba watoto masikio. Mtu wa pembeni mwa Andrew akasogea. Kisha nikasema, “Sasa mwingine.” Nikamfanya karani wa mizani. Kisha nikamchukua Mogaka mwenyewe, kofia yake na lile jino lake lililotokeza, na nilipofika nusu, mke wake akamwachia mkono. Mogaka akauangalia ule mkono. Akasema, “Basi, Mama. Imetosha.” Akakaa. Kuna waliocheka kidogo, ila wengi walikuwa wanaangalia chini, na safari hii hawakuwa wanatafuta vivuli.

Nimeondolewa ushemasi hadi mwisho wa mwaka kwa kusimulia mambo ya kutisha siku ya Sabato. Wazee walipiga kura, Nyangau akiwa wa kwanza. Mogaka amepanda migomba mipya kwa Bitutu bila kusema neno. Mtoto wake amepona. Kapu la Bitutu linapimwa kwa zamu yake.

Jumanne Bitutu akaja kwangu, na mbuzi. Akasema, “Wanasema umepoteza kazi ya kanisa kwa sababu yangu. Sasa hiyo kitu walitaka kunichomea, nisomee.” Hakuna aliyekuwa amemsomea, Walter. Kata nzima inaijua na yeye hakuwahi kusikia mstari mmoja. Tukakaa jikoni tukitoa maharagwe kwenye maganda, nikamsomea kwa Kigusii sehemu zote, bila kuruka kitu. Nikamtajia na jina lako, na zile ndizi mbili alizokupa. Anazikumbuka. Kwenye uchaga alisisimka akafurahi, akasema hapo umepapata. Mahali watu wanapomkwepa njiani, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Nilipomaliza akaweka ganda chini. Kisha akauliza, “Huyu mama anakaa hapo miaka mingapi?” Nikamwambia haijaandikwa. “Na hakuna mtu hata mmoja anaingia kwake, hata kuomba moto?”

Nikafungua kurasa tena, nikitafuta. Hakuna.

“Mwambie huyo kijana,” akasema, “jicho ni sawa. Mbuzi pia ni sawa. Lakini siku ataniandika tena, aniwekee jirani.”

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua mia mbili, na tangu Februari sikuwa nimevuka kijito.  Nikamwongezea uji.

Shangazi yako,
Drusilla Mong'ina